Mkuki wa Pili

Muhogo mchungu haumtegi mtu. Sumu yake imekaa mahali pake, ndani ya kifuko cha seli, imeshikamana na sukari, nayo huitwa linamarini. Nje ya kifuko hicho, kwenye ukuta wa seli, kimekaa kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Vyote viwili vimo katika mzizi mmoja, kati yao upo utando tu, na maadamu mzizi ni mzima havikutani. Fuko akiutafuna, jembe likiukata au mchi ukiuponda, utando hupasuka. Kimeng'enya hubandua ile sukari, kinachobaki huvunjika, na sianidi hutoka.

Hapo mtu angedhani adui ni kimeng'enya. Lakini sianidi hii huchemka kwenye nyuzi 26 hivi, joto la mchana wa kawaida hapa Mbale, kwa hiyo ikishafunguliwa huruka na upepo au huondoka na maji. Ya kuogopwa ni ile iliyobaki imefungwa, ambayo kimeng'enya hakikupata nafasi ya kuifikia, ikaingia tumboni vivyo hivyo na kufunguliwa huko na vijidudu vya matumbo. Kinachoifungua sumu, basi, ndicho hicho kinachousafisha unga. Kazi ni ileile. Ikifanyika uani juu ya turubai, matokeo yake ni harufu kidogo na chakula cha jioni. Ikifanyika ndani ya mwili wa mtoto, wiki baada ya wiki, matokeo yake yana jina: konzo.

Daktari Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938, kutoka eneo la Kwango katika Kongo ya Wabelgiji. Mtu hulala mzima, na asubuhi miguu yote miwili imekakamaa. Wengine hupatwa njiani, wakirudi shambani na mzigo kichwani. Kinachoharibika ni neva za juu za mwendo, zile zinazoshuka kutoka ubongoni kupeleka amri chini, hadi kwenye uti wa mgongo. Akili hubaki timamu. Tofauti na magonjwa mengine ya neva za mwendo, konzo haiendelei kumla mtu kidogo kidogo: hupiga mara moja, husimama papo hapo, na haiponi. Mgonjwa huishi miaka yake yote akitembea kwa ncha za vidole, magoti yakipishana, kwa fimbo moja au mbili, na wengine hawatembei kabisa. Wanaopatwa zaidi ni watoto walioacha kunyonya na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Hapa Nkoma, kaskazini mwa mji wa Mbale, Uganda, watu hawazungumzi vimeng'enya, lakini tunaishi katikati yavyo. Barabara ya Kumi hutuletea mihogo mikavu kutoka Teso, iliyomenywa, ikarundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka iote ukungu, kisha ikakwanguliwa na kuanikwa. Ukungu ule hulainisha mzizi na kukifungulia njia kimeng'enya. Barabara ya Jinja hutuletea mukene, dagaa wa Ziwa Victoria. Kutoka mlimani, nyuma ya majabali ya Wanale, hushuka malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, ambayo Wagisu huyaloweka na kuyapika kwa karanga. Machipukizi ya mianzi nayo huwa na sumu ya ukoo huohuo wa sianidi, iliyofungwa kwa sukari vilevile, na kimeng'enya chake kikiwa kando. Aliyefika wa kwanza kwenye mianzi ya Mlima Masaba na kuamua kwamba kitu hiki hakiliwi mpaka kipitie moto, maji na siku kadhaa hakuwa na jina la kukiita alichokuwa akikizuia. Nashindwa kuamua kama nimhusudu au nimwonee huruma, maana mtu wa aina hiyo hujifunza kwa kuzika.

Nilimuuliza mama mmoja anayeuza muhogo mkavu kando ya barabara, "Mama, huu ulikaa siku ngapi kabla ya kuanikwa?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa kuku. "Mwanangu," akasema, "uliza mvua."

Jibu lile lilinirudisha kwenye kitabu cha E. E. Evans-Pritchard kuhusu Wazande, kilichotoka mwaka 1937. Wazande leo wamegawanywa na mipaka ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Anaeleza kwamba ghala la nafaka linapowaangukia watu waliokaa kivulini mwake, Mzande anajua vizuri kabisa kwamba mchwa wamekula nguzo. Hahitaji kufundishwa. Anachouliza ni kitu kingine: kwa nini liliwaangukia hawa, saa hii, na si jana lilipokuwa halina mtu chini yake? Hapo ndipo anapoutaja uchawi. Wawindaji wa Kizande hugawana nyama kati ya aliyemchoma mnyama mkuki wa kwanza na aliyemchoma wa pili, na kwa kauli yao uchawi ni mkuki wa pili. Mchwa wamepiga, uchawi umepiga, na mtu amekufa kwa yote mawili.

Sisi tuliosoma hulicheka swali hili. Tunasema mchwa wanatosha, linalobaki ni bahati tu. Nadhani tunacheka mapema mno. Jibu la Wazande silikubali, lakini swali lao ni zuri kuliko tunavyokiri, na konzo ni mahali pazuri pa kulijaribu. Mkuki wa kwanza tumeshauona: kimeng'enya ambacho hakikufika kwa wakati. Sasa tuuulizie wa pili. Kwa nini mtoto huyu? Kwa nini nyumba hii na mwaka huu, ilhali muhogo mchungu huliwa kuanzia Msumbiji hadi pwani ya Atlantiki na mamilioni ya watu wanaotembea sawasawa?

Mwaka 1985 ukame uliipiga wilaya ya Tarime, mkoani Mara, upande wa pili wa ziwa letu. Daktari William Howlett na wenzake, akiwemo Mtanzania Nicholas Mlingi, walikwenda kijiji kwa kijiji wakapata watu 39 waliopooza miguu, wengi wao watoto na wanawake. Utafiti ulichapishwa mwaka 1990. Mmoja wa wenzake alikuwa Hans Rosling, daktari wa Kiswidi aliyekuwa ameiona hali kama hiyo Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, mwaka 1981, ambako waliopooza walizidi 1,000. Kote kuwili habari ni moja. Mahindi yalikauka, mtama ukakauka, ukabaki muhogo mchungu, zao lisilosaliti. Muhogo ukikosa maji huongeza sumu yake. Na mtu mwenye njaa hawezi kumwambia mtoto asubiri siku nne. Kwa hiyo mwaka uleule ambao mzizi ulihitaji siku nyingi zaidi ndio ulipewa chache zaidi.

Ukame pekee ungekuwa jibu la kimya, maana mvua haina wa kumshtaki. Lakini Kongo, katika Bandundu, Thorkild Tylleskär na wenzake walikuta jambo linalosumbua zaidi. Kulikuwa na barabara nzuri ya lami kwenda Kinshasa. Kwa barabara hiyo malori yalifika, muhogo ukawa fedha, na wanawake waliokuwa wakiloweka mizizi siku tatu wakapunguza hadi moja ili wawahi mnunuzi. Hakuna njaa katika maelezo hayo, kuna soko. Barabara ambayo kila mbunge angejisifia iliiba siku mbili za kimeng'enya, na ugonjwa ukafuata vijiji.

Huku kwetu pia tumeonja. Septemba 2017, huko Kasese, mamia ya kilomita magharibi ya hapa, watu 98 waliugua na wawili wakafa kwa sianidi baada ya kula unga wa muhogo, wengine wakiwa msibani. Haikuwa konzo, ilikuwa sumu ya siku moja. Wachunguzi walifuata njia ya unga kurudi nyuma hadi kwa muuzaji mmoja wa jumla. Unga uliopimwa ulikuwa na kiasi cha wastani cha 88 katika kila sehemu milioni, ilhali kiwango salama ni 10. Hebu fikiria watu wa msiba ule wangejiuliza nini, kama maabara isingekuwapo, juu ya waandazi wa chakula kile.

Ukiisukuma kemia mbele kwa uvumilivu, basi, haiishii kwenye chembe. Inatoka upande wa pili na kukuta watu: mnunuzi, bei, ghala la akiba lililokuwa tupu wilayani, mwanamke anayehesabu siku. Wazande walisema nyuma ya mchwa kuna mkono wa mtu. Kuhusu konzo hawakukosea kwamba mikono ipo. Walikosea walipodhani lazima mkono uwe na chuki.

Hapa ndipo fikra zangu hukwama. Nadharia ya uchawi ina faraja moja kubwa: inakupa adui anayekutaka ubaya. Humjui leo, lakini anajulikana, ana sura, ana sababu. Katika konzo mikono ni mingi na hakuna hata mmoja ulionyooshwa kwa nia mbaya. Lori lilitaka mzigo, mji ulitaka ugali. Na mkono wa mwisho kabisa kuugusa unga ule, mkono uliopunguza siku tatu zikawa moja, mara nyingi ulikuwa wa mama wa mtoto aliyepooza, au wa mtoto mwenyewe aliyetumwa kutwanga. Tutamwambia nini? Nimeona mabango ya afya yenye picha ya mwanamke na kinu, yakimwelimisha jinsi ya kusindika muhogo, nami siyaamini sana. Tarime walijua kwamba muhogo mchungu huua, kama ambavyo Bandundu walijua siku tatu ni za nini. Mtu hupunguza siku akiwa anajua, kwa sababu siku hizo zina bei na yeye ndiye anayezilipa.

Kuna kimeng'enya cha pili katika kisa hiki, na hiki ni chetu sisi. Kinaitwa rodanesi, jina kililopewa na Mjerumani Konrad Lang mwaka 1933, na kimejaa katika ini na figo zetu. Sianidi ikiingia mwilini, rodanesi huchukua chembe ya salfa, huipachika kwenye sianidi, na matokeo yake ni kitu kisicho na ukali mwingi kinachotoka na mkojo. Hufanya kazi bila kuchoka, lakini hakizalishi salfa. Salfa hutoka kwenye chakula chenye protini nzuri: samaki, nyama, mayai. Muhogo hauna protini hiyo ya kutosha. Hivyo mlo uleule unaoleta sumu ndio usioleta dawa yake, isipokuwa pembeni ya ugali pawepo kitoweo.

Hapo swali la mkuki wa pili linapata jibu la karibu mno, hata linatia aibu. Kwa nini mtoto huyu na si baba yake, waliokula chungu kimoja? Wataalamu wamelitafuta jibu ndani ya miili, na huenda kuna sehemu yake huko. Mimi ningeanza kwenye sahani. Nani alipata kichwa cha samaki na nani alipata mchuzi? Na kabla ya sahani, sokoni. Mukene wanaoanikwa Masese, pale Jinja, wana salfa ambayo rodanesi ya mtoto yeyote wa Kumi au Pallisa ingeipokea kwa shukrani. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa hili husagwa ikawa chakula cha kuku, na kuku hutaga kwa ajili ya mji. Salfa hutoka ziwani, hupita juu ya kijiji, hufika mezani kwa mtu ambaye hakuwa na upungufu wake. Simlaumu mvuvi. Naeleza tu njia ya chembe moja.

Kwa haki ya mada sina budi kutaja upande ambako hoja yangu inavunjika. Ugonjwa wa neva za mwendo unaojulikana zaidi duniani, ule ambao Jean-Martin Charcot aliuelezea Paris katika karne ya 19 na ambao Stephen Hawking aliishi nao kwa zaidi ya miaka 50, nao una kimeng'enya chake. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich, huko Marekani, walitambua kazi ya kimeng'enya kinachozima aina moja kali ya oksijeni kabla haijaunguza seli. Mwaka 1993 ikagunduliwa kwamba katika baadhi ya familia zenye ugonjwa huo, jeni ya kimeng'enya hicho, SOD1, ina kasoro. Wengi wakadhani fumbo limefumbuliwa: zimamoto ameacha kazi, nyumba inaungua. Wakatengeneza panya wasio na SOD1 kabisa, na mwaka 1996 ikaonekana panya hao hawaupati ugonjwa. Kosa halikuwa kuacha kazi. Kimeng'enya chenye kasoro hujikunja vibaya, hugandamana, na kuigeuka neva inayokihifadhi, mara nyingine kikiwa bado kinafanya kazi yake ya zamani bila lawama.

Hapa uliza swali la Mzande uone. Kwa nini mimi na si ndugu yangu? Mzazi mwenye jeni hiyo yenye kasoro humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Hakuna barabara, hakuna bei, hakuna samaki aliyenyimwa. Kwa wagonjwa wengine wasio na historia ya kifamilia, ambao ni kama 90 kwa kila 100, hata sarafu hiyo ya kurusha haipo ya kuonyeshwa. Dawa ya kuzuia mwili usitengeneze SOD1, tofersen, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023. Hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo, na inawahusu wagonjwa kama wawili tu katika kila 100. Ukiisukuma kemia upande huu, inatoka nyuma na kukuta uwanja mtupu.

Mbale ni mji wa dini. Barabara ya Kumi ina Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu 1988, makanisa hayahesabiki, na Wayahudi wetu wa Nabugoye wako jirani. Mtu akipooza hapa, mtu wa kwanza kuketi kando ya kitanda chake atasema ni mapenzi ya Mungu. Zamani neno hilo liliniudhi popote liliposemwa. Siku hizi naona lina mahali pake, na ninachopigania ni mahali hapo tu. Mbele ya SOD1, ambako hakuna mkono wa kuushika, sina neno bora la kumpa mgonjwa, na anayelo asimnyime. Mbele ya konzo neno hilohilo limewahi mno. Linafika kabla ya kuulizwa muhogo ulikaa siku ngapi, na likishafika mlango wa kuuliza hufungwa. Mtu akisema "kadari" juu ya jambo ambalo bado lina anwani, anaifanyia haki kadari yenyewe? Wanazuoni wa chuo hicho wanaweza kunirekebisha, lakini nadhani hata kwao maswali yana mpangilio, na hilo si la kwanza.

Kuhusu anwani yenyewe, kuna jambo lililofanyika Kongo ambalo hunivutia kwa udogo wake. Howard Bradbury, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alifikiria hivi: ndani ya unga uliokwisha kusagwa bado kuna linamarini iliyosalia, na bado kuna linamarasi iliyosalia, vimekauka kando kwa kando bila kugusana. Vinakosa maji tu. Basi mwanamke aweke unga kwenye beseni, atie alama ulipofikia. Amimine maji huku akikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda taratibu mpaka kwenye alama ileile. Autandaze kwa unene usiozidi sentimita moja, juani kwa saa mbili au kivulini kwa saa tano, kisha apike jioni ileile. Timu ya Mkongo Jean-Pierre Banea iliwafundisha wanawake wa kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, palipokuwa na wagonjwa wengi wa konzo. Katika kipindi cha ufuatiliaji hakukutokea mgonjwa mpya.

Njia hii haikuongeza kitu chochote kwenye chakula isipokuwa maji, haikumlaumu mtu, wala haikumtaka mwanamke azirudishe siku alizopokonywa na soko. Iliomba saa chache kutoka mchana ambao tayari ulikuwa wake, na kazi iliyobaki ikaachiwa kimeng'enya kilekile. Kwa mtu anayetaka maana kubwa, hii ni ndogo mno. Beseni, alama ya mkaa, kivuli. Hata hivyo ni saa tano za mtu, na saa za mwanamke wa kijijini hazikai bure zikisubiri kuombwa. Kuna maji ya kuchota, kuna mtoto mgongoni, kuna mbuzi wanaopenda unga uliotandazwa.

Pale kando ya barabara, Nkoma, magunia ya muhogo mkavu hukaa pamoja, mengine yakiwa yamekaa kwenye rundo siku zote zinazotakiwa na mengine yameharakishwa kabla ya mvua. Mnunuzi, mimi nikiwemo, hutazama weupe, hubonyeza kujua kama umekauka, kisha huuliza bei. Bei ni moja kwa magunia yote. Aliyengoja siku ya tatu halipwi chochote kwa siku hiyo.